Saa za Maharusi Wapya: Kurudi kwenye Kalamu na Mazoezi, Kunduchi

Ndoa huanza kula muda kabla hata haijafungwa. Dar es Salaam, harusi ya kawaida hutanguliwa na miezi ya vikao vya kamati, michango, kichenpati na sendoff, na shughuli ikiisha bado kuna vunja kamati. Kwa mila za Pwani hufuata fungate, siku saba za maharusi kukaa ndani wakihudumiwa. Aliyekuwa akiandika huwa ameliweka daftari kando tangu vikao vya mwanzo. Aliyekuwa akikimbia, raba zake ziko uvunguni. Watu wakimwona amenenepa husema ndoa imemkubali. Fungate ikiisha, wawili hao wana kazi moja ya haraka kuliko zote: kugawana upya saa za siku ndani ya nyumba moja.

Kunduchi kazi hiyo ina sura yake. Kata hii ya Wilaya ya Kinondoni, kando ya Barabara ya Bagamoyo kaskazini mwa jiji, ina kijiji cha wavuvi, magofu ya msikiti na makaburi ya kale, hoteli za ufukweni, na nyumba nyingi za kupanga kuanzia Mtongani kuelekea Tegeta. Wengi huanza maisha kwenye chumba na sebule. Anayefanya kazi Posta au Kariakoo hupanda daladala alfajiri ili kuikwepa foleni ya Mwenge, na hurudi giza limeshaingia. Saa anazobaki nazo ni za alfajiri na za usiku, na hizo hizo ndizo zinazotakiwa na kupika, kufua, kuchota maji bomba lisipotoa, na wageni.

Kwa hiyo mazungumzo ya kalamu na mazoezi yaanzie kwenye kazi za nyumbani. Somo na makungwi humfunda bibi harusi namna ya kuitunza nyumba, na mafunzo hayo yana thamani yake. Bwana harusi mara nyingi huingia ndoani hajafundwa na mtu. Sheria imekwishaonyesha njia. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitafsiri kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 na kukubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Shauri lile lilihusu ndoa iliyovunjika, lakini somo lake linawafaa zaidi wanaoanza: kupika na kufagia ni kazi, na kazi huchukua saa. Mume akishika jiko jioni mbili kwa wiki, mke amepata jioni mbili za kuandika. Hakuna namna nyingine ya kuzipata.

Katika fasihi ya Kiswahili, kuandika katikati ya shughuli za nyumba na ajira si jambo geni. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alitunga utenzi wake mwaka 1858, akiwa mjane na mgonjwa, ili kumwachia binti yake wosia wa maisha ya ndoa. Shaaban Robert aliajiriwa kuwa karani wa serikali ya kikoloni mwaka 1926, akianzia idara ya forodha, na sehemu kubwa ya kazi zake aliiandika akiwa na ajira. Anayerudi kwenye kalamu leo aanze na kipimo kidogo. Ukurasa mmoja kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 50, ni kurasa 250, urefu wa riwaya kamili. Meza ya kulia chakula inatosha, mradi mwenza ajue kwamba saa hiyo haulizwi chumvi iko wapi. Mahali pa kupeleka kazi papo: Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023.

Kwa upande wa mwili, Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kujenga misuli angalau siku mbili. Mjamzito asiye na tatizo la kiafya naye anashauriwa kufikia dakika 150, jambo la kuzingatiwa na maharusi wanaotarajia mtoto mapema. Aliyekaa miezi bila mazoezi aanze kwa kutembea haraka, kisha achanganye dakika chache za kukimbia.

Kunduchi ina ufukwe, na ufukwe una ratiba. Mchanga mgumu unaofaa kukimbilia hupatikana maji yakikupwa, na saa ya maji husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Yakikupwa saa 12 asubuhi Jumatatu, Alhamisi yatakupwa karibu saa 2:30, na baada ya wiki hivi yatakuwa yamejaa saa ile ile. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, bahari hujaa alfajiri na njia ya ufukweni hupotea. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu. Hapo alfajiri yamekupwa, ingawa si mbali. Wavuvi wa Kunduchi Pwani hupanga kazi zao kwa hesabu hiyo, na wanandoa wanaweza kuifuata: wiki ya maji mafu wakimbie ufukweni, wiki ya bamvua alfajiri iwe ya kuandika, na mwili upate pushapu uani na matembezi ya jioni mitaani. Raba zivaliwe hata mchangani, kwa sababu ya makombe na vipande vya chupa. Ufukwe umeinama, hivyo safari ya kwenda na kurudi iwe sawa, mguu mmoja usibebe mzigo wote. Asiyependa kukimbia peke yake, hasa mwanamke kabla hakujapambazuka, atafute klabu ya jogging ya mtaani. Ziko nyingi jijini na nyingi hukutana mwisho wa wiki.

Ndugu na majirani nao wana sehemu yao. Mawifi, mashemeji na marafiki wanaotaka kuwaona maharusi wapige simu kwanza, waulize siku inayofaa, na wakiambiwa Jumapili asubuhi hakuna mtu nyumbani, waje jioni.