Kisome Kwanza Kibandiko cha Nyuma

Mvua ya masika ilikuwa ikipiga mabati tangu alfajiri. Saa nne asubuhi nilikuwa kwenye kikao cha mtandaoni na wenzangu watatu, tunapitia tafsiri ukurasa kwa ukurasa, umeme ukakatika. Kompyuta haikuzima, maana ina betri yake. Simu nayo ilikuwa imejaa chaji. Hata hivyo nyuso za wenzangu ziliganda kwenye kioo, mmoja macho yamefumba, mwingine mkono hewani, kisha zikapotea. Kilichozimika ni ruta, kiboksi cheupe kilicholala juu ya kabati la vyombo, ambacho kwa siku nzima hakitumii umeme unaoliwa na pasi kwa robo saa.

Mezani nilikuwa na kamera mpya, taa ya duara ya kuangaza uso na kiti cha kuzunguka. Vyote vilikuwa vizuri na vyote vilinigharimu, ila hakuna hata kimoja kilichoweza kunirudisha kikaoni. Tangu siku ile kila anayeniuliza anunue nini ili afanyie kazi nyumbani namjibu jambo lile lile: pesa ya kwanza iende kwenye vitu ambavyo kamera haivioni, yaani umeme, mawimbi na sauti. Na kabla pesa haijatoka mfukoni, geuza kifaa ulicho nacho usome kibandiko cha nyuma.

Kwenye ruta nyingi, au kwenye adapta yake, utakuta maandishi kama 12V 1A. V ni volti, msukumo wa umeme. A ni ampea, wingi wa umeme unaopita. Zidisha moja kwa nyingine upate wati: 12 kwa 1 ni wati 12. Huo ndio ukomo, na kwa kawaida ruta ya nyumbani hutumia wati 6 hadi 9 tu. Tukiiacha iwake saa 24 kwa wati 8, itatumia wati-saa 192. Uniti moja tunayonunua kwa mita ya LUKU ni wati-saa 1,000, kwa hiyo ruta hula takribani sehemu moja ya tano ya uniti kwa siku. Chombo chenye njaa ndogo namna hiyo hakihitaji jenereta. Kinahitaji betri ya kutosha kiganja.

Betri hiyo madukani huiita UPS ndogo au UPS ya ruta. Umeme wa ukutani huingia upande mmoja, ruta huchomekwa upande wa pili, na umeme ukikatika betri hushika kazi papo hapo, ruta isijue kama kuna lililotokea. Ukifungua nyingi kati yake utakuta vipande vya mviringo vinavyofanana na betri za tochi, vilivyonenepa kidogo. Mafundi huviita kwa namba, 18650, na namba hiyo ni kipimo chake: milimita 18 upana, milimita 65 urefu, na sifuri ya mwisho inaonyesha umbo la mviringo. Ni betri za lithiamu, aina iliyoingizwa sokoni na Sony mwaka 1991. Watatu walioweka msingi wake, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019, Goodenough akiwa na umri wa miaka 97. Ndani ya betri hizo chembe za lithiamu husafiri kutoka upande mmoja kwenda wa pili unapotumia umeme, na hurudi zilikotoka unapochaji. Lithiamu ndiyo metali nyepesi kuliko zote, na ndiyo sababu betri ya kutosha kiganja inaweza kubeba kazi ya asubuhi nzima.

Hapa wanunuzi wengi hupotea. Boksi limeandikwa kwa herufi kubwa 10,400mAh, mtu anaona namba imenona, anatoa pesa. Lakini hizo miliampea-saa huhesabiwa kwenye volti za kipande kimoja cha betri, ambazo ni 3.7, wala si kwenye volti 12 za ruta. Fanya hesabu mwenyewe: 10.4 kwa 3.7 ni wati-saa 38 na ushee. Toa kama asilimia 15 inayopotea kuwa joto wakati volti zinapopandishwa, unabaki na 33 hivi. Gawa kwa wati 8 za ruta: saa nne. Ukiambiwa dukani kwamba ni saa kumi, unajua pa kusimamia.

Watu huniuliza kwa nini wasichukue ile UPS kubwa nyeusi ya maofisini inayolia pii-pii. Mara nyingi mle ndani mna betri ya risasi na asidi ya volti 12 na ampea-saa 7, sawa na wati-saa 84, na kwa kuiangalia namba hiyo utasema ndiyo bora. Tatizo ni safari ya umeme wenyewe. UPS ile huchukua volti 12 za betri na kuzipandisha hadi 230 ili zifanane na za ukutani, halafu adapta ya ruta inazishusha tena hadi 12. Ni kama mtu mwenye shilingi anayekwenda kwa mbadilisha fedha kununua dola, kisha anavuka barabara kuzibadilisha dola zile ziwe shilingi. Kila dirisha limekata chake. Tena betri ya risasi ikitumiwa mpaka chini mara kwa mara huchakaa upesi, hivyo fundi mwangalifu atakushauri usivuke nusu. UPS ndogo haina safari hiyo: inatoa volti 12 na ruta inapokea volti 12.

Nilipokwenda Kariakoo kununua ya kwangu, fundi hakuniuliza nina pesa kiasi gani. Aliniuliza, "Dada, umekuja na adapta ya ruta?" Nilikuwa nayo kwenye mkoba. Aliigeuza, akasoma kibandiko, akanionyesha kamchoro ka duara lenye nukta katikati, alama za kujumlisha na kutoa zikiwa pembeni. "Hii inasema chanya iko katikati. Ukichomeka iliyogeuzwa, unaua ruta." Kisha akanionyesha tundu la 9V kwenye UPS, jirani kabisa na la 12V, vichwa vya waya vikiwa sawasawa kwa ukubwa. Ruta ya volti 9 ukiilisha 12 inaweza kuungua, na ya volti 12 ukiipa 9 itawaka na kuzima kama mtu mwenye homa. Ndipo akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Intaneti yako ni ya faiba? Basi kile kiboksi cha ukutani nacho kinataka umeme."

Alikuwa sahihi. Waya wa faiba hubeba mwanga, na pale unapoingia nyumbani pana kiboksi kinachogeuza mwanga huo kuwa ishara za umeme ambazo ruta inazielewa. Wapo walionunua UPS, wakaifunga kwenye ruta peke yake, na umeme ulipokatika wakaona taa za ruta zinang'aa kijani na intaneti hakuna. Viboksi hivyo vikichangia betri moja, zile saa nne hupungua zikawa kama mbili na nusu. Afadhali kulijua hilo mapema kuliko kuligundua katikati ya usaili wa kazi.

Asiyeweza kumudu UPS ya ruta ana njia ya bei nafuu, waya wa USB unaopandisha volti 5 za pawabanki kuwa 12 au 9. Unafanya kazi, mradi ruta yako haitaki zaidi ya wati 8 au 9. Kasoro yake ni kwamba pawabanki nyingi husita kidogo umeme wa ukutani unapotoka, na kusita huko kunatosha kuizima ruta na kuiwasha upya.

Pawabanki hiyo hiyo huenda isiweze kuchaji kompyuta mpakato, hata kama imeandikwa 20,000mAh, sawa na wati-saa 74. Kompyuta za siku hizi zenye tundu la USB-C hufanya mazungumzo na chaja kabla ya kupokea umeme. Chaja hutangaza inachoweza kutoa, volti 5, 9, 15 au 20, na kompyuta huchagua. Pawabanki isiyojua lugha hiyo hutoa volti 5 tu, na kompyuta huikataa au hujaza kwa mwendo wa kinyonga. Tafuta iliyoandikwa PD, jina la lugha hiyo, na wati 45 au zaidi. Anayesafiri kwa ndege akumbuke pia kwamba mashirika mengi huruhusu betri isiyozidi wati-saa 100 bila kibali maalumu, nayo ibebwe mkononi, isiwekwe kwenye mzigo wa chini.

Umeme ukishatulia, angalia mawimbi. Waifai ya gigahezi 2.4 ina mawimbi yenye urefu wa sentimita 12 na nusu. Ya gigahezi 5 yana sentimita 6. Yale marefu hupenya ukuta vizuri zaidi, yale mafupi hubeba data nyingi ila huchoka haraka. Nyumba zetu za matofali ya saruji, nguzo zenye nondo na milango ya chuma huyachosha yote mawili, na maji huyameza kabisa. Niliwahi kuhangaika wiki mbili na mtandao wa kusuasua chumbani, kumbe kati ya ruta na meza yangu, nje ya ukuta, palisimama tangi la maji la lita 1,000. Niliihamisha ruta mita tatu, tatizo likaisha, na sikulipa hata senti. Panapowezekana, vuta waya wa mtandao kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta. Waya huo hubeba data bila shida hadi mita 100, na haujali tangi la maji wala jiko la maikrowevu, ambalo hupasha chakula kwa mawimbi ya gigahezi 2.45, jirani kabisa na waifai.

Kuna siku ambazo lawama haiko nyumbani wala mtaani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kwa pamoja, na intaneti ya Tanzania na majirani zake ikadhoofika kwa siku kadhaa. Laini ya pili ya simu husaidia kwa mengi, lakini kama mitandao yote miwili inapita bahari ile ile, umebadilisha mlango tu, barabara ni moja. Kinachookoa siku kama hizo ni kuzima kamera. Kikao cha video cha ubora wa kawaida kinaweza kutumia megabiti 1.2 kwa sekunde kila upande, zaidi ya gigabaiti moja kwa saa ukijumlisha kwenda na kurudi. Sauti peke yake ikitumia kilobiti 80 kila upande, saa nzima haifiki megabaiti 75. Bando lile lile linakupeleka karibu mara 15 ya muda.

Ndiyo maana naipenda sauti kuliko picha, na ndiyo maana hedifoni nzuri naiweka juu ya kamera. Ila zipo sifa mbili zinazochanganywa. Hedifoni inayofuta kelele ina kinasa sauti kidogo kinachosikiliza mngurumo wa nje, kisha inatengeneza wimbi lililo kinyume chake: pale wimbi la nje linapopanda, lake linashuka, yakakutana na kubatilishana. Mjerumani Paul Lueg alipata hataza ya wazo hilo Marekani mwaka 1936. Linafaa sana kwa kelele nzito zisizobadilika, kama jenereta la jirani au feni. Kwa jogoo, kilio cha mtoto au bodaboda inayopita ghafla, kifaa huwa hakijajiandaa. Zaidi ya hayo, linakusaidia wewe unayesikiliza, wala halimsaidii aliye upande wa pili. Yeye bado anamsikia jogoo wako.

Anayemsaidia ni maikrofoni iliyo karibu na mdomo. Kila umbali unapopungua kwa nusu, nguvu ya sauti inayofika huongezeka takribani mara nne. Kutoka sentimita 60, mahali kinasa cha kompyuta kilipo, hadi sentimita 15, sauti yako imepata nguvu mara 16, na jogoo amebaki alipo. Ndiyo sababu hedifoni ya waya ya bei ndogo, yenye kijiti kinachofika shavuni, mara nyingi husikika vizuri kuliko vidude vya Bluetooth vya bei kubwa. Nyingi kati ya hizo, maikrofoni inapowashwa, hubana sauti ipite kwenye njia nyembamba, na msemaji husikika kama yuko ndani ya pipa.

Juu ya maumivu ya shingo nitasema kidogo tu: inua kioo kifike usawa wa macho, hata kwa kamusi mbili zilizopangwa, halafu tafuta kibodi ya pembeni. Kompyuta mpakato imeunganisha kioo na kibodi, na mwili wa binadamu unavitaka vitengane.

Vitu hivi vyote vya betri vinaogopa joto. Usibandike UPS juu ya ruta, kwani ruta hutoa joto usiku na mchana na hufupisha umri wa betri. Pawabanki yangu nyembamba ilikuwa ikikaa dirishani, kwenye jua la mchana, na mwaka wa pili ilivimba kama andazi: kemikali za ndani zilikuwa zimevunjika na kutoa gesi. Betri ya namna hiyo haichajiwi tena, haitobolewi, na haitupwi kwenye shimo la taka linalochomwa moto, maana inaweza kulipuka mbele ya anayechoma. Niliiweka ndani ya kopo tupu la rangi, nikaifukia kwa mchanga mkavu, nikaliacha kopo nje kivulini mpaka siku ya kwenda mjini. Yule fundi wa Kariakoo aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka kwenye ndoo ya chuma chini ya meza, pamoja na nyingine tisa.