Mbwa Mzee wa Nyumbani: Yapi Kweli, Yapi Si Kweli

Kuanzia Kilifi hadi Mambrui, mbwa aliyelinda boma miaka kumi na zaidi anastahili kuagwa vizuri. Mara nyingi kinachomnyima haki hiyo ni maneno tuliyoyasikia kwa watu tukayashika bila kuyapima.

Halii, basi haumwi. Si kweli. Mbwa huficha maumivu, na anayeumwa viungo bado atabweka mgeni akipiga hodi. Mtazame kwa karibu. Anasimama chini ya kidato cha baraza akikiangalia, anatanguliza miguu ya mbele kisha anakivuta kiuno. Analamba goti moja mpaka manyoya yanageuka mekundu. Usiku anahema ilhali kusi inavuma na joto hakuna. Akisusa chakula, watu husema ameijua siku yake, kumbe pengine ni jino bovu, au ugonjwa wa kupe, ambao ukiwahiwa hutibika. Mfunue mdomo: ufizi ukiwa mweupe, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Dawa za maumivu za watu usimpe kabisa. Ibuprofen humtoboa tumbo na kumharibu figo.

Sindano ya mwisho ni ukatili. Si kweli, na hofu hii imewafanya wengi kumwacha mbwa wao ateseke wiki nzima chini ya mwembe. Kwa kawaida daktari humtuliza kwanza, kisha humpitishia kwenye mshipa dawa ya usingizi iitwayo pentobarbital kwa kipimo kikubwa. Fahamu humtoka kwa sekunde chache, halafu pumzi na moyo husimama. Macho hubaki wazi, misuli inaweza kushtuka na mkojo kumtoka, lakini wakati huo hasikii tena maumivu. Kaa naye, umshike kichwa. Ukatili ni ile sumu inayotiwa kwenye nyama.

Muislamu hapaswi kumhuzunikia mbwa. Hapa watu wamechanganya mambo mawili. La twahara ni kweli: katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Pwani, palipoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Basi mbebe kwa turubai, kisha ujitwahirishe. Lakini huzuni haina najisi. Mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda ameruhusiwa kufugwa. Sura ya Al-Kahf inamtaja mbwa wa watu wa pangoni, na Bukhari amepokea habari ya mtu aliyeshuka kisimani akateka maji kwa kiatu chake ili amnyweshe mbwa mwenye kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Ikiwa kumnywesha mbwa wa njiani kuna thawabu, sioni kosa la kumlilia wa nyumbani.

Mfukie popote, au mtupe baharini. Si kweli. Maji yakijaa yatamrudisha ufukweni. Tena pentobarbital hukaa muda mrefu ndani ya mzoga, na tai, fisi au mbwa mwingine akiula anaweza kufa. Chimba zaidi ya mita moja, mbali na kisima. Pande za Watamu, penye mwamba wa matumbawe, jembe halitoshi: tafuta mtaimbo na vijana wa kupokezana. Juu panga mawe mazito, maana kenge na nyegere hufukua.

Ila kama kabla ya kufa alibadilika ghafla, akauma watu au kudondosha mate, usimguse wala usimzike kabla ya kumwita afisa wa mifugo. Kichaa cha mbwa hakichagui umri. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali mara moja.

Mwambie mtoto kwamba ametoroka. Usimwambie hivyo. Atamwita langoni kila jioni, na pengine atajilaumu kwamba ndiye aliyeacha lango wazi. Mwambie amekufa, na umruhusu naye aweke jiwe.

Mbwa aliyebaki humkosa mwenzake. Inaelekea ni kweli. Katika utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2022, watu 426 waliofiwa na mbwa mmoja huku wakibaki na mwingine waliulizwa, na asilimia 86 walisema aliyebaki alibadilika: alicheza kidogo, alipunguza kula, alimganda mwenyewe. Usimbadilishie saa za chakula wala za kutembea, na usikimbilie kumletea kitoto kipya wiki hiyo hiyo.