Ngeli Zetu na Jinsi Yao: Maswali Matatu ya Wanaojifunza Kifaransa

Mwandishi wa makala haya alianza kujifunza Kifaransa kwa nia ya kuisoma riwaya ya Mariama Bâ, Une si longue lettre (1979), katika lugha yake asilia. Katika zoezi la kwanza aliandika "je suis faim" akitaka kusema ana njaa, akapoteza alama. Kosa hilo lilitokana na Kiingereza, ambacho hutumia kitenzi "kuwa" mahali hapo. Kifaransa husema "j'ai faim", yaani "nina njaa", kama vile "j'ai vingt ans" ilivyo "nina miaka ishirini". Tangu hapo aling'amua kwamba maswali mengi ya wanafunzi wa Kifaransa nchini Kenya yana majibu katika Kiswahili.

Swali la kwanza: kwa nini meza iwe ya kike na ukuta uwe wa kiume? Jinsi ya kisarufi si jinsia ya kimaumbile. Mswahili haulizi mti na mkate vina undugu gani hata vikakaa katika ngeli moja. Hujali upatanisho tu. Ndivyo ilivyo "la table est blanche" na "le mur est blanc". Kwa hivyo, kila nomino ikaririwe pamoja na kibainishi chake. Hata hivyo, tutahadhari. Sisi husema "kipofu amefika", maadamu uhai hushinda umbo. Kifaransa husema "une personne est arrivée", hata ikiwa aliyefika ni mwanamume.

Swali la pili: -me- yetu ndiyo passé composé yao? La, si kila mara. "Amelala" aghalabu huonyesha hali iliyopo sasa, nayo kwa Kifaransa ni "il dort". "Il a dormi" hukaribia zaidi "alilala". Imparfait nayo hubeba jambo lililokuwa likiendelea: "je lisais quand il est entré" ni "nilikuwa nikisoma alipoingia".

Swali la tatu ndilo huwatoa wengi jasho: kwa nini "j'ai écrit les lettres", lakini "les lettres que j'ai écrites"? Tutazame kwetu. Katika "niliandika barua", kitenzi hakina alama yoyote ya barua. Katika "barua nilizoandika", nomino imetangulia na kitenzi kimepokea -zo-, alama ya ngeli na wingi. Kifaransa nacho, yambwa ikitangulia kitenzi kisaidizi "avoir", huongeza -es, alama ya kike na wingi. Kaida hizi mbili si moja, kwani -zo- ni kirejeshi, lakini aliyezoea ya kwanza hashangazwi na ya pili.

Inasikitisha, basi, kwamba wengi wetu huingia darasa la Kifaransa tukiwa tumekiacha Kiswahili mlangoni, kana kwamba ni mzigo. Aliyelelewa na ngeli amekwisha kuzoea kupatanisha kivumishi, kitenzi na kirejeshi na nomino yake. Kwake upatanisho si jambo geni. Walimu wa lugha hizi mbili wakikaa pamoja, mwanafunzi atapunguziwa safari ndefu. Mwandishi huyu aliimaliza riwaya ile hatimaye, polepole, kamusi mkononi. Kila alipokwama katika sarufi, alianza kwa kujiuliza: sisi husemaje?