Kuifumua Mashine ya Boti
Anayeifumua mashine ya boti kwa mara ya kwanza huenda akafika soko la Kariakoo, Dar es Salaam, kutafuta pistoni, ilhali katika injini ya mipigo miwili, ambayo oili yake huchanganywa na petroli, chanzo cha ubovu chaweza kuwa pampu ya maji, hasa kile kipande cha mpira kinachosukuma maji ya bahari ili kuipoza silinda, ambacho mapanga yake yakikakamaa na kulala upande mmoja, joto hupanda na ringi, yaani pete za chuma zinazozuia mgandamizo usivuje, hunata. Silinda na ipimwe kwanza, kabla ya kununua pistoni, kwa kuwa ikichongwa huhitaji pistoni ya saizi kubwa zaidi. Na gasketi ya zamani, hata ikionekana nzima, isirudishwe kamwe.