Mbwa wa Nyumbani na Ugonjwa wa Kichaa

Katika vilima vya Kianjokoma, Embu, mbwa hulinda boma usiku, na mchana humfuata mtoto aliyetumwa dukani au mtoni. Kwa hiyo afya ya mbwa ni afya ya watoto pia.

Kichaa cha mbwa kilionekana Kenya mwaka 1912, karibu na Nairobi. Viini vyake hukaa katika mate, huingia jerahani, na hupita polepole katika mishipa ya fahamu mpaka ubongoni. Dalili zikisha kutokea, ni nadra sana mtu kupona. Lakini safari hiyo kwa kawaida huchukua majuma kadhaa, na hapo ndipo penye nafasi ya kumwokoa.

Mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, muda wa dakika 15. Kisha aende hospitali siku hiyo hiyo apate sindano, wala asingoje kuona mwisho wa mbwa yule.

Wenye mbwa na paka nao wawapeleke kwa bwana mifugo wachanjwe kila mwaka. Mbwa 7 katika kila 10 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea.