Bwawa la Shambani: Kabla ya Bei ya Kuchimba, Uliza Litajaa Mara Ngapi



Vijana wengi wanaolima nyanya, vitunguu na hoho kwenye miteremko ya Meru wananiuliza swali moja: "Afisa, kuchimba bwawa ni shilingi ngapi?" Swali ni zuri ila limeanzia katikati. Kuchimba ni sehemu tu ya gharama, na mara nyingi siyo kubwa kuliko zote. Leo tupige hesabu kamili, maana hela nyingi zimefukiwa kwenye mashimo yasiyokaa maji.

Kwanza, udongo wako unashika maji?

Udongo wetu mwingi umetokana na majivu na mawe ya volkano. Una rutuba, ila sehemu nyingi unapitisha maji kama chujio. Ukishuka tambarare unakutana na udongo mweusi wa mbuga, ambao unashika maji lakini ukikauka unapasuka.

Kipimo chake ni rahisi. Chimba shimo dogo lenye kina kile kile unachotaka bwawa lifike. Lijaze maji jioni ili udongo ushibe. Asubuhi lijaze tena, weka alama, funika, kisha angalia baada ya siku nzima. Maji yakishuka sana, jua kwamba bila kutandika nailoni huna bwawa. Nailoni ninayosema ni ile nzito ya mabwawa, dukani wengi wanaiita dam laina. Turubai la kawaida jua litalimaliza mapema.

Hesabu ya mabwawa mawili

Bei zinabadilika, kwa hiyo bei nitakazotumia hapa ni za mfano tu, wewe weka za kwako. Tuseme kuchimba ni sh 7,000 kwa mita ya ujazo na nailoni ni sh 8,000 kwa mita ya mraba. Kuta zote zinalala kwa nyuzi 45 ili zisiporomoke, na juu tunaacha sentimita 30 bila maji.

Bwawa kubwa: mita 20 kwa 10 juu, kina mita 2.5.
- Kuchimba mita za ujazo 333: sh 2,331,000
- Nailoni mita 25 kwa 15, pamoja na kingo za kuzikia kwenye mtaro: sh 3,000,000
- Uzio, mabomba na shimo la kutuliza tope: sh 1,000,000
- Jumla: sh 6,331,000. Linabeba mita za ujazo 276.

Bwawa dogo: mita 10 kwa 8 juu, kina mita 2.
- Kuchimba mita za ujazo 99: sh 693,000
- Nailoni mita 14 kwa 12: sh 1,344,000
- Uzio, mabomba na shimo la tope: sh 600,000
- Jumla: sh 2,637,000. Linabeba mita za ujazo 76.

Ukigawanya gharama kwa maji yanayobebwa, kubwa ni kama sh 22,900 kwa mita ya ujazo na dogo ni sh 34,700. Hapo wengi wanakurupukia kubwa. Ngoja kwanza.

Maji yanatoka wapi?

Nusu eka ya nyanya zilizokwisha kukua, kwa umwagiliaji wa matone, tuchukulie inatumia mita za ujazo 8 kwa siku kipindi cha jua. Jua nalo linanyonya kama milimita 5 kwa siku juu ya bwawa, yaani mita ya ujazo 1 kwenye lile kubwa.

Bwawa kubwa likijazwa na mvua mara moja, linakupa siku 30 basi. Maji yaliyofika shambani ni mita 240. Kwa msimu huo, kila mita imekugharimu karibu sh 26,400.

Sasa chukua shamba lenye zamu ya mfereji mara moja kwa wiki, kama ilivyo maeneo mengi ya Meru. Pima mfereji: ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 4, una lita 5 kwa sekunde. Ukipewa masaa manne, unapata mita za ujazo 72. Bwawa dogo linayapokea yote, na likijaa linakuvusha siku 9, hivyo hata zamu ikichelewa siku moja mbili hutetereki. Kwa wiki 12 umepeleka shambani mita 672. Kila mita imekugharimu karibu sh 3,900. Bwawa kubwa lisingekuongezea kitu hapo, maana zamu ni ile ile.

Nailoni nzuri inadumu misimu mingi, kwa hiyo gharama hizi zitashuka kila msimu. Ila tofauti kati ya mabwawa haya mawili inabaki.

Na asiye na mfereji je?

Wa upande mkavu, kama Oldonyosambu, kubwa linaweza kukufaa, ila lipangie kazi. Usitegemee likuvushe kiangazi chote kuanzia Juni mpaka Oktoba. Litumie kumalizia zao: panda ndani ya masika, mvua zikikata mwishoni mwa Mei uwe na mwezi mmoja wa maji wa kukomazia matunda. Mwezi huo mmoja ndio mara nyingi unaamua kama umevuna au umepata hasara.

Usisahau haya

- Kibali. Ukichukua maji ya mto au chemchemi unahitaji kibali cha kutumia maji kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Kwetu wahusika ni Bodi ya Maji Bonde la Pangani. Ongea pia na kamati ya mfereji kabla hujachimba, siyo baada ya ugomvi.
- Floridi. Maji mengi kuzunguka Meru yana floridi nyingi, na jua likiyapunguza bwawani, chumvi na floridi vinabaki na kuzidi kukolea. Maji ya bwawa ni ya shamba. Usiyanywe wala usiyapikie.
- Uzio. Hii siyo pambo. Nailoni iliyolowa inateleza, mtoto au mbuzi akiingia hatoki. Weka uzio wenye mlango wa kufuli, na kamba nene yenye mafundo kila upande, imefungwa kwenye nguzo imara.

Kwa hiyo kabla hujamwita fundi, andika namba tatu kwenye daftari: maji unayopata kwa kila zamu au mvua, maji ambayo zao lako linatumia kwa siku, na mara ambazo bwawa litajaa kwa msimu. Ukikwama kwenye hesabu, mwone afisa ugani wa kata yako mkae nayo pamoja. Kalamu haina gharama, shimo ndilo lenye gharama.

Kazi njema shambani.