Kuunda Ndege Nyumbani: Kwa Nini Si Changamwe?

Mtoto anayekulia Mikindani au Port Reitz hahitaji kufundishwa sauti ya ndege. Amezizoea zikitua katika Uwanja wa Kimataifa wa Moi, uliojengwa hapo Changamwe wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Huziunda zake kwa waya na makopo; kisha huingia sekondari, akaambiwa aache michezo ashike vitabu.

Wengi wetu husadiki kwamba ndege ni kitu cha kutoka viwanda vya ng'ambo, nasi kazi yetu ni kukata tikiti. Lakini ipo ndege ya vipande. Kampuni humuuzia mtu michoro, mabati ya alumini yaliyokwisha kukatwa na kutobolewa, pamoja na maelfu ya ribiti, naye akaiunganisha mwenyewe nyumbani kwake. Aghalabu huanza na mkia, akaja kwenye mabawa, kisha kiwiliwili. Injini na vyombo vya rubani kwa kawaida hununuliwa kando. Afanyaye kazi hiyo jioni na Jumamosi hutumia saa elfu moja na zaidi.

Sheria ya Marekani juu ya ndege hizi ina sharti la ajabu: sehemu kubwa ya kazi lazima iwe imefanywa na watu walioishika kwa ajili ya elimu yao au burudani tu. Walimu wenzangu, lisomeni tena neno hilo. Elimu!

Wala mfano hauko mbali. Mwaka 2019 wanafunzi 20 wa Afrika Kusini, wa hali mbalimbali za maisha, waliunganisha ndege ya vipande aina ya Sling 4, yenye viti vinne, kwa muda wa majuma matatu hivi. Kisha marubani vijana wakairusha kutoka Cape Town hadi Cairo. Hawakuwa wahandisi. Walikuwa na michoro iliyothibitishwa, na watu wazima wa kuwasahihisha.

Kwetu Kenya tulimwona Gabriel Nderitu wa Nyeri, aliyeunda ndege nyumbani kwake akaitia injini ya gari la Toyota. Ndege hiyo haikupaa. Tulimpiga picha, tukamsifu, wengine wakamcheka. Kisha tukamwacha na ndege yake. Ndiyo desturi yetu: kumshangilia mvumbuzi wa peke yake badala ya kumpa karakana.

Vijana wa Kisauni na Likoni hutajwa magazetini kwa mapanga. Ni nadra kutajwa kwa ustadi wa wenzao wanaokunja bati na kuchomea vyuma kando ya barabara tangu asubuhi. Sisemi kwamba fundi wa bati ni fundi wa ndege. Fundi wa jahazi hupima ubao kwa jicho, na jahazi likaelea; ndege haipimwi kwa jicho. Tena hewa yetu ni ya chumvi, na alumini ikigusana na chuma penye chumvi na unyevu huliwa upesi. Lakini hilo si somo la kemia lenyewe, tunalolifundisha ubaoni pasipo mwanafunzi kushika hata msumari?

Najua nitaulizwa habari ya fedha, na shule zenyewe hazina madawati ya kutosha. Ndege nzima ni ghali mno kwa shule moja. Basi shule kadhaa za bara zishirikiane na chuo cha ufundi, zianze na bawa moja. Hisabati imo humo, fizikia imo, na kuchora kwa vipimo pia. Mkaguzi wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga aitwe mapema, kabla bawa halijafungwa, maana likishafungwa ribiti nyingi za ndani hazionekani tena.